Kuku Mweupe Mezani: Safari ya Oldonyo Sambu

Je, mama mpenzi, umewahi kuketi mbele ya chakula, njaa unayo, lakini mkono ukagoma kutoka mapajani? Chakula si kibaya na wenyeji si wakali. Ila unahisi macho ya nyumba nzima yako kwenye vidole vyako. Hujui uanze na kipi, uchukue kiasi gani, umalize au ubakize. Wazee wetu walisema mgeni ni kuku mweupe: hata akijibanza katikati ya kundi, ataonekana tu. Mimi nilikuwa kuku huyo mwezi wa nane mwaka 2016, kule Oldonyo Sambu.

Kilichonipeleka huko ni jambo ambalo kila mama mwenye kijana wa kiume hulingojea kwa furaha na hofu. Mwanangu wa kwanza alipata kazi Arusha, na huko akampata binti aliyetaka kumwoa. Binti ni Mwarusha, mzaliwa wa Oldonyo Sambu. Barua ya posa ilikwisha pelekwa na kujibiwa, wazee walikwisha kutana. Ikabaki sisi akina mama kuonana. Basi tukaondoka Muheza watatu, mume wangu, wifi yangu na mimi, kijana akitungojea Arusha.

Nikueleze kidogo nilikotoka, maana ndiko kosa langu lilikotoka pia. Kwetu Muheza, mkoani Tanga, ni nchi ya machungwa, nazi na muhogo. Nimelelewa kwenye mkeka. Mama yangu alitufundisha kunawa kabla ya kukaribia sinia, kula upande wetu bila kuvuka kwa mwenzetu, kumsubiri mkubwa ashike tonge la kwanza, na kubakiza kidogo kwa ajili ya watoto. Mpaka siku ile nilijihesabu kuwa mtu mwenye adabu mezani. Sikujua kwamba adabu yangu ilikuwa ya nyumbani kwetu tu.

Tulilala Arusha mjini. Asubuhi tukashika barabara ya Namanga, ile inayokwenda Kenya. Ukipita Sakina na Ngaramtoni, nchi inaanza kubadilika. Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, unakaa mkono wako wa kulia. Upande wake wa kusini na mashariki unapata mvua nyingi, na huko kuna migomba, kahawa na mboga za kila namna. Lakini Oldonyo Sambu iko kisogoni mwa mlima, mvua inakofika kwa uchache. Mwezi ule wa nane majani yalikuwa yamekauka, upepo ulikuwa wa baridi na vumbi jingi. Njiani tulipishana na punda waliobeba madumu ya maji, na mbuzi waliotafuta chochote cha kutafuna. Wifi yangu akanong'ona kwa Kibondei, "Huku watu wanakula nini?" Nilimkanyaga mguu, lakini ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa najiuliza.

Binti alikuwa amenifundisha salamu kwa simu. Mwanamke husalimiwa "Takwenya", naye hujibu "Iko". Nilirudia maneno hayo usiku kucha. Tulipofika, nikashuka garini na kabla hata sijasalimiwa nikasema kwa sauti, "Iko!" Watoto wakaangua kicheko. Kisha mmoja wao akanijia akainamisha kichwa mbele yangu. Nikampa mkono. Akabaki ameinama, na mimi mkono wangu ukabaki hewani. Ilibidi binti aje aniambie taratibu, "Mama, mguse kichwani. Ndivyo watoto wanavyosalimia huku." Nikamgusa. Moyoni nilikuwa nimekwisha kosa mara mbili, na sijaingia hata ndani.

Jambo la tatu lilinishtua zaidi. Mara mume wangu na mwanangu wakachukuliwa na wanaume kwenda upande mwingine wa boma, ambako mbuzi alikuwa akichomwa. Nilimtegemea mwanangu awe karibu anitafsirie. Lakini kwa desturi yao kijana hakai kula pamoja na mama mkwe wake. Ni heshima kubwa baina yao, wala si chuki. Hata mnyama akichinjwa, kila sehemu ina mwenyewe: wazee wana yao, akina mama wana yao. Basi nikaachwa na wifi yangu sebuleni, kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, kama kuku wawili weupe.

Ikaja chai ya maziwa, vikombe vimejaa mpaka ukingoni. Nikamaliza changu ili nisionekane nimedharau. Kikajazwa tena. Nikamaliza, kikajazwa. Huko nyumbani kikombe kitupu ni shukrani. Pale nilikuwa kama ninaomba kingine. Kikombe cha tatu nikakiacha nusu, nikiomba wasione vibaya.

Kisha chakula kikaletwa. Mama wa binti, mkwe wangu mtarajiwa, alituombea kwa Kimaa. Niliambulia jina la Yesu na "Amina" tu, na hayo yakanituliza kidogo. Akaweka mezani wali mweupe, mchuzi wa mbuzi, kabichi, na vijiko vinavyong'aa. Kwa mazoea nikanawa nikatia mkono kwenye wali. Halafu nikaona vijiko, nikafikiri labda nimewaaibisha, nikajifuta upesi nikashika kijiko. Wifi yangu alipoona hivyo akafanya kinyume, akaacha kijiko akashika kwa mkono. Tukatazamana.

Lakini kilichonikosesha raha kabisa ni mama mwenyeji. Hakuketi nasi. Alisimama mlangoni, ncha ya kanga ameibana mdomoni, akitutazama. Kila nilipoinua uso, aliizidisha ile kanga. Nikasema moyoni, anatucheka. Au hataki kula na watu wa pwani. Je, mwanangu ataishi vipi na watu hawa?

Wakati huo akaingia bibi mzaa mama wa binti, ambaye wote walimwita koko. Mkononi alishika bakuli. Binti alipoliona akababaika, akamwambia kitu kwa Kimaa kama anayemzuia. Koko hakumsikiliza. Akaja moja kwa moja akaniwekea mikononi. Ilikuwa loshoro, mahindi yaliyochemshwa yakalainika, yakachanganywa na maziwa mgando yaliyotoka kwenye kibuyu. Akasema maneno machache. Binti akatafsiri huku ametazama chini:

"Koko anasema, wali ni chakula cha dukani. Wewe umekuja kuchukua mtoto wetu, basi kula chakula kilichomkuza."

Nikainua bakuli. Harufu ilikuwa ya moshi. Ladha ilikuwa chachu kuliko mtindi wowote niliowahi kunywa. Nilipotazama ndani, nikaona vidoa vidogo vyeusi vikielea. Wifi yangu naye akaviona, akaninong'oneza nisinywe, nitaumwa tumbo njiani. Aliongea Kibondei, lakini uso wake haukuhitaji mkalimani.

Nikaweka bakuli mezani, nikasema, "Asante sana, nimeshiba."

Mama mwenzangu, yako maneno ambayo ni ya kweli na bado ni ya kuumiza. Nilikuwa nimeshiba kweli. Lakini koko alinitazama, akalichukua bakuli lake bila neno, akatoka. Binti akakusanya sahani, na nikaona kidevu chake kinatetemeka. Hakuna aliyegomba. Ila chumba kizima kilipoa.

Nikatoka nje kutafuta maji ya kunawa, ingawa mikono yangu ilikuwa safi. Nilipopita jikoni nikamwona mama mwenyeji ameketi kwenye kigoda kando ya mafiga, peke yake, anakula loshoro ile ile. Aliponiona akafunika mdomo kwa kiganja. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikavuta kigoda kingine nikaketi.

"Mkwe," nikamwambia, "mbona hukuketi nasi? Tumekukosea nini?"

Akatikisa kichwa. "Hamjakosa, mama. Ninyi mnatoka pwani, meno yenu meupe. Yangu yameharibiwa na maji." Akaondoa mkono. Meno yake yalikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, mengine yamemeguka kingo.

Hili si jambo la uchafu wala la kukosa mswaki, na ni vema kila mama alijue. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi, kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji, na viko vyanzo vya huko vinavyozidi hapo mara kadhaa. Mtoto akiyanywa wakati meno yake bado yanaundwa ndani ya fizi, yatatoka na madoa ambayo mswaki hauwezi kuyaondoa. Kuchemsha maji pia hakuondoi floraidi. Mama yule alikunywa maji ya kwao tangu utoto, kama mimi nilivyokunywa ya kwetu. Tofauti ilikuwa ni mwamba tu.

Basi ile kanga mdomoni haikuwa ya kutucheka. Muda wote nilipokuwa naona haya kwa ajili ya mikono yangu, yeye alikuwa anaona haya kwa ajili ya meno yake. Nami nilishughulika mno na kujitazama mwenyewe hata sikumwona.

Akaendelea kunieleza. Mwaka 2011 alialikwa kwenye sherehe ya harusi katika hoteli moja mjini. Mbele yake wakaweka uma, kisu na vijiko vya aina mbili. Hakujua aanze na kipi. Akasingizia kwamba amefunga, akanywa soda, akarudi nyumbani na njaa, akala ugali wa baridi saa sita za usiku. "Ndiyo maana leo niliazima vijiko kwa jirani," akasema. "Na wali nilipika kwa sababu niliambiwa watu wa pwani hawali kisicho wali. Sikutaka mkae na njaa kama mimi siku ile."

Nilisikia machozi. Nikaona kwa kuwa tumefika hapo, bora niseme yote. Nikamuuliza kuhusu vile vidoa vyeusi.

Hakukasirika. Akainuka akanionyesha kibuyu, na kipande cha mti wa mzeituni mwitu, ambao wao huuita oloirien. Kibuyu kikishaoshwa, mti huo huchomwa ncha mpaka uwe kaa la moto, kisha husuguliwa ndani ya kibuyu pande zote. Halafu majivu hupanguswa. Moshi na mkaa ule husaidia maziwa yasiharibike upesi na huyapa harufu wanayoipenda. Vumbi kidogo la mkaa hubaki. "Kibuyu kisicho na mkaa," akasema, "ndicho kichafu."

Kumbe kile nilichokiona uchafu kilikuwa alama ya usafi! Mwanamke mmoja alikaa asubuhi akasugua kibuyu kile kwa ajili yangu, nami nikakitazama kama mtu aliyetiliwa takataka.

Nikamwomba mkwe wangu tuende wote kwa koko. Tukamkuta nje ukutani anaota jua. Bakuli langu lilikwisha kwenda kwa watoto, halina kitu. Kwa hiyo ilinibidi niombe, na kuomba ni kazi kuliko kupokea. Nikasema kwa Kiswahili, na mkwe akatafsiri: "Koko, naomba chakula kilichomkuza binti yetu."

Akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akaagiza kibuyu, akanimiminia kidogo tu, nusu ya nusu ya lile la kwanza. Safari hii sikutazama ndani. Nilimtazama yeye, nikanywa mpaka mwisho. Sitakudanganya, msomaji, kwamba nililipenda siku ile. Niliona uchachu ule ule na moshi ule ule. Lakini nilikwisha jua ni moshi wa mti gani na ni mkono wa nani uliousugua.

Nikamrudishia bakuli, nikasema, "Ashe oleng," maana yake asante sana. Kisha, sijui kwa nini, nikainamisha kichwa kama yule mtoto wa asubuhi. Mimi, mama wa watoto wanne. Koko akaweka kiganja chake juu ya kilemba changu.

Mkwe wangu akacheka. Safari hii hakufunika mdomo.

Ndoa ilifungwa mwaka 2017, na baadaye mwaka huo huo wakwe zetu wakaja Muheza. Usiku wa kuamkia siku ile sikulala. Kwetu mgeni wa heshima hupikiwa samaki wa nazi, na nilikwisha jua kwamba kwa jadi Wamaasai na Waarusha si walaji wa samaki. Nikakumbuka ile hoteli ya mjini. Basi nikapika samaki, kwa sababu ndicho chakula kilichomkuza mwanangu, lakini nikapika pia nyama na maharage, nikaweka vyote pamoja ili asiyetaka kimoja asilazimike kueleza. Nikaketi karibu na mkwe wangu kwenye mkeka, sikusimama mlangoni. Nikamwonyesha jinsi ya kubana tonge, nikamtolea miba. Akaonja samaki kidogo, akatafuna kwa uangalifu mkubwa kama anayetafuna sindano, akasema, "Inatosha kwa mwaka huu." Tulicheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini.

Tangu safari hizo nimejifunza mambo machache, nami ninakuachia, mama mwenzangu, uyatumie utakapokuwa ugenini, iwe ni Oldonyo Sambu, Muscat au London.

Kwanza, uliza kabla ya kwenda. Mwulize mtu wa nyumba ile: wanasalimianaje, wanakula kwa mkono au kwa kijiko, nani huanza, kikombe kitupu kina maana gani. Kuuliza mapema hakuna aibu, ni heshima.

Pili, ukifika, tulia umtazame mwenyeji kabla hujagusa kitu. Atakachofanya, fanya. Ukikosea, cheka kidogo, omba radhi, endelea. Mwenyeji huwa amekwisha sahau wakati wewe bado unajilaumu.

Tatu, chakula ambacho huwezi kula kwa sababu ya afya, sema ukweli kwa upole, na upokee kingine kwa furaha. Lakini kile ambacho hukukizoea tu, onja. Kidogo tu kinatosha. Anayekupa mara nyingi hakuhesabu kiasi ulichokula, amehesabu kama umepokea.

Nne, usinong'one kwa lugha yenu. Uso hauna lugha ngeni.

Tano, mkumbuke mwenyeji. Nilizoea kusoma katika Injili ya Luka jinsi Bwana alivyowatuma wale wanafunzi na kuwaagiza wale watakachoandaliwa, nikidhani ni agizo la tumbo tu. Sasa naona lilimhusu pia mama mmoja jikoni, asiyejulikana jina, anayehofu kwamba alichonacho hakitoshi. Ukila kwa moyo mweupe, umemwondolea hofu hiyo.

Nimalizie kwa jambo moja. Siku ile ya kwanza tulipokuwa tunaaga Oldonyo Sambu, mkwe wangu alinipa mbuzi jike mwekundu. Nikamwambia sina jinsi ya kumpandisha basi la Tanga, akasema basi akae kundini kwao, lakini ni wangu. Huko watu waliopeana mnyama huacha kuitana kwa majina ya kawaida. Huitana kwa jina la zawadi. Mbuzi kwao ni enkine, kwa hiyo tangu siku ile yeye huniita "Pakine", nami humwita "Pakine".

Kila akipiga simu huanza na habari za mbuzi wangu. Amezaa mara kadhaa sasa. Halafu huniuliza nitakwenda lini, koko ananiulizia, na kibuyu kimeshasuguliwa.